UZI: Tulivyoacha kupitishiana msimbo kwa flashi na WhatsApp, tukahamia Git. Karibuni na maswali

#1 Mleta uzi, Kisumu

Habari za jioni wanajukwaa. Wiki hii nimekaa na timu mbili za vijana, moja ya hapa mjini na nyingine ya Kakamega, na zote mbili bado zinapitishiana msimbo kwa flashi na kwenye kundi la WhatsApp. Mimi nimeishi hivyo miaka mitatu, na kilichonitoa huko kiliwagharimu watu wasio na kosa lolote. Naomba nikieleze chote, pamoja na jinsi tulivyohamia Git, programu inayotunza kila badiliko la msimbo na kuunganisha kazi za watu kadhaa, kisha tuulizane.

Tuko wanne, ofisi yetu ni ya ghorofani karibu na Oginga Odinga Street. Kazi yetu kubwa ni mfumo wa chama cha ushirika wa maziwa upande wa Nandi. Asubuhi karani anapima maziwa ya kila mkulima na kuingiza lita. Mwisho wa mwezi mfumo unapiga hesabu: lita mara bei, toa makato ya dukani kama chakula cha ng'ombe na dawa, kinachobaki kinatumwa kwa M-Pesa.

Mwaka 2021 chama kilipandisha bei kutoka shilingi 38 hadi 41 kwa lita. Nikabadilisha faili la malipo, nikalijaribu, nikalipandisha sevani siku ya Alhamisi. Mwenzangu alikuwa na faili hilohilo kwenye laptopu yake tangu Jumatatu, anaongeza makato ya mkopo wa dharura. Ijumaa akamaliza, akalipandisha la kwake juu ya langu. Kazi yake ilikuwa safi, sikuona mstari wa kulaumu. Ila nakala aliyoanzia ilikuwa ya Jumatatu, ikiwa na bei ya zamani, kwa hiyo ile 38 ikarudi bila mtu kujua. Mfumo haukulalamika, kwa sababu kwa mfumo 38 ni namba halali kama 41.

Malipo yalipotoka nilikuwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa kwa shughuli nyingine. Mama mmoja mzee akanijia na kadi yake ya maziwa, ile ya karatasi ngumu, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Pembeni ameandika kwa kalamu: 214 × 41. Chini yake: 8,774. Hakuwa na makato yoyote mwezi huo. Akanionyesha ujumbe kwenye simu: 8,132. Akaniambia, "Mwanangu, hesabu hii nimeirudia mara tatu, na kila mara inakataa."

Tofauti ni shilingi 642. Ukiwa na ng'ombe wawili, hizo ni pesa.

Wakulima walilipwa tofauti yao, na gharama ya kutuma upya tuliibeba sisi. Kilichoninyima usingizi lakini ni kwamba ilituchukua siku mbili nzima kujua kilichotokea. Tulikuwa na folda `mfumo_mpya`, `mfumo_mpya2`, `mfumo_mwisho` na `mfumo_mwisho_kabisa` kwenye laptopu nne na flashi tatu. Tulifungua faili moja baada ya jingine, watu wawili kioo kimoja, mmoja akisoma mstari kwa sauti na mwingine akifuatilia kwa kidole. Hakuna aliyeweza kusema ni nani alibadilisha nini, lini, na kwa nini.

#2 Mchangiaji, Bungoma

Pole sana ndugu. Lakini si mngekubaliana tu kila mtu ashike sehemu yake? Sisi tuko watatu. Mmoja ana ukurasa wa wateja, mwingine ripoti, mimi hifadhidata. Hatugusiani.

#3 Mleta uzi, Kisumu

Asante ndugu. Hata sisi tulikuwa na karatasi ukutani: "Nimeshika malipo", na jina chini yake. Ilikaa mpaka siku mtu alipougua Alhamisi akiwa ameshika faili, na mteja anataka marekebisho Ijumaa.

Wazo la kushika faili ni la zamani na halikuwa la kijinga. Mfumo wa kwanza unaojulikana wa kutunza matoleo ya msimbo ni SCCS, alioutengeneza Marc Rochkind pale Bell Labs mwaka 1972. Mwaka 1982 Walter Tichy akaleta RCS. Katika mifumo hiyo unafunga faili, unalifanyia kazi, unalifungua, na mwingine anasubiri zamu yake. Baadaye CVS ikaruhusu watu wawili wafanye kazi kwenye faili moja kwa wakati mmoja, kisha kazi zao ziunganishwe. Subversion, iliyoanzishwa mwaka 2000, ikarekebisha udhaifu mwingi wa CVS. Git akaianza Linus Torvalds Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa kiini cha Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bila malipo BitKeeper, mfumo wa kutunza matoleo waliokuwa wakiutegemea. Kufikia tarehe 7 mwezi huohuo, Git ilikuwa tayari inatunza msimbo wake yenyewe.

Sasa sikiliza jinsi kisa chetu cha 38 na 41 kingekwenda. Git hailinganishi faili langu na la mwenzangu peke yake. Inarudi nyuma kutafuta mahali tulipoachana, yaani lile faili la Jumatatu, halafu inauliza: tangu hapo, mstari wa bei umeguswa na nani? Na mimi tu. Basi chukua wangu. Na mistari ya mkopo wa dharura? Na mwenzangu tu. Basi chukua yake. Matokeo yangekuwa faili moja lenye 41 na makato mapya, bila hata kutuuliza swali. Lile faili la tatu, la mahali mlipoachana, ndilo flashi haina. Flashi inajua tu la mwisho kuwekwa.

Na ndugu, hamgusiani leo kwa sababu mfumo bado ni mdogo. Siku mteja atasema "ripoti ionyeshe salio la mteja", mtagusana wote watatu asubuhi moja.

#4 Mchangiaji, Eldoret

Mleta uzi, sisi tulijaribu Git mwaka jana ikatushinda. Wiki mbili tu watu wakarudi kwenye WhatsApp. Nyinyi mlifanyaje isishindikane?

#5 Mleta uzi, Kisumu

Dada/ndugu wa Eldoret, hata sisi ilitushinda mara ya kwanza, na kosa lilikuwa langu.

Nilifanya mafunzo Jumamosi moja, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Nilikuwa na amri zaidi ya ishirini ubaoni. Nikaeleza matawi (njia za kazi zinazokwenda sambamba bila kugusana mpaka ziunganishwe), nikaeleza kuunganisha, nikaeleza kurudisha nyuma. Watu waliitikia kwa vichwa. Jumatatu kila mmoja aliogopa kugusa kitu kisije kikaharibika. Mwenzetu mmoja alikuwa anafanya kazi kwenye folda ya kawaida, jioni ananakili kila kitu kwenye folda ya Git na kuandika ujumbe mmoja: "marekebisho". Nilihesabu "marekebisho" 31 mfululizo. Huo ulikuwa ni uleule mtindo wa flashi, umevaa nguo nyingine.

Na mlango wa zamani ulikuwa bado wazi. Mtu akiwa na haraka, anapandisha faili sevani moja kwa moja kama zamani, na Git haijui. Kesho yake kilichoko sevani na kilichoko kwenye Git ni vitu viwili tofauti, na tangu siku hiyo hakuna anayeiamini Git, na ana haki.

Mara ya pili sikufundisha amri. Kwanza niliufunga mlango. Tulibadilisha nywila ya kupandishia faili sevani, nikaiandika kwenye karatasi, nikaitia kwenye bahasha, tukaifunga gundi na kuiweka droo ya meneja. Seva ikawa inavuta msimbo kutoka tawi kuu la repo tu, repo ikiwa ni ghala la Git lenye mradi na historia yake. Sisi tawi hilo tunaliita shina. Kama kazi yako haiko kwenye shina, mteja haioni. Hapo kila mtu alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kujifunza, bila mimi kumhubiria.

Kisha kwa mwezi mzima tulitumia mambo machache mno: vuta kazi ya wenzako asubuhi, fanya jambo moja dogo, komiti, sukuma kabla ya kwenda chakula cha mchana. Komiti ni ile nukta unayoiweka ukisema "hapa kazi imefika hivi, na sababu ni hii". Amri zilikuwa tano: `git pull` (kuvuta), `git status` (kuona kilichobadilika), `git add` (kuchagua kitakachoingia kwenye komiti), `git commit` (kukomiti), `git push` (kusukuma kazi yako kwenye repo ya wote). Hakuna tawi lingine hata moja mwezi huo. Najua kuna watakaosema bila matawi hiyo si Git. Mimi nasema timu ambayo haijazoea kukomiti kitu kidogo na kukieleza, ukiipa matawi itakuwa na folda `mfumo_mwisho_kabisa` kwa jina lingine.

#6 Mchangiaji, Kakamega

Hapo kwenye ujumbe nisaidie. Mimi huandika "update" basi. Nitaandika nini kingine na mabadiliko yanaonekana yenyewe?

#7 Mleta uzi, Kisumu

Mabadiliko yanaonekana, sababu haionekani. Git itakuonyesha kwamba `38` imekuwa `41`. Haitakuambia kwamba kamati ya chama ilikaa na kuamua bei mpya ianze kuhesabiwa tarehe 1, hata kwa maziwa yaliyopokewa jioni ya tarehe 31 na kuandikwa asubuhi yake. Hilo liko kichwani mwako, na mwaka kesho halitakuwepo.

Tulijiwekea kipimo kimoja: ujumbe wako usomwe na mtu ambaye hakuwepo ofisini siku hiyo. Kwa hiyo badala ya "marekebisho", mtu anaandika "Zuia bei ya mwezi uliopita isitumike kwa maziwa yaliyoandikwa kuanzia tarehe 1". Mstari wa kwanza mfupi. Kama kuna maelezo marefu, acha mstari mmoja mtupu, kisha andika aya. Na tunaandika kwa Kiswahili, lugha tunayobishania kazi hiyo. Tangu tuache kulazimisha Kiingereza, ujumbe umekuwa mrefu na wa kweli.

Ukiona huwezi kueleza komiti yako kwa sentensi moja, mara nyingi umeweka mambo matatu ndani yake. Yagawe.

#8 Mchangiaji, Nakuru

Kwetu tatizo ni mzee mmoja ndiye aliyeandika mfumo wote. Anaona Git ni njia ya kumchunguza. Kuna amri inaitwa `git blame`, aliposikia jina akakasirika kabisa.

#9 Mleta uzi, Kisumu

Jambo hili nimelifikiria kuliko lingine lolote kwenye uzi huu, kwa sababu na sisi tulikuwa na kaka mkubwa wa namna hiyo. Mfumo wa kwanza aliuandika peke yake, usiku, kabla sisi hatujaajiriwa. Kila kitu kilikuwa kichwani mwake. Tulipoleta Git aliisikia hivi: "Sasa kila mstari wako utakuwa na jina lako na tarehe, na hawa vijana watakuhesabia makosa." Na hilo jina la amri, linalomaanisha lawama, lilimthibitishia.

Hatukumshinda kwa maneno. Siku moja nilikaa naye, nikafungua faili la makato ya dawa, nikakuta sharti la ajabu: mkulima akiwa na makato ya zaidi ya theluthi mbili ya malipo yake, kinachozidi kinasukumwa mwezi ujao. Nilitaka kulifuta kwa sababu sikuona maana yake. Yeye akacheka, akaeleza kwamba miaka iliyopita kuna wakulima walipokea sifuri kwa miezi miwili, wakaacha kuleta maziwa chamani, wakaanza kuuza barabarani. Kamati ndiyo iliyoomba sharti hilo.

Nikamwambia, "Kaka, hii hadithi ungekuwa umeiandika kwenye komiti, nisingethubutu kugusa. Ukistaafu kesho, kijana ataifuta na hatajua alichofanya."

Alinyamaza. Wiki iliyofuata alianza kuandika ujumbe mrefu kuliko sisi wote, aya mbili aya tatu. Leo mtu mpya akija tunamwambia aanze kwa kusoma komiti za kaka. Na hiyo amri tulikubaliana mezani kwamba tunaitumia kutafuta mtu wa kumuuliza. Kosa likitokea, kwenye kikao tunataja komiti, hatutaji jina la mtu. Mkuu wa timu akivunja hilo mara moja tu, watu wataanza kukomiti kwa uoga na kuficha. Kwa hiyo Nakuru, usimwonyeshe mzee amri. Mwombe hadithi.

#10 Mchangiaji, Homa Bay

Na sisi ambao bando linaisha tarehe kumi na tano? Na stima nayo.

#11 Mleta uzi, Kisumu

Hapa Git inatufaa watu wa huku kuliko wengi wanavyodhani. Kila laptopu ina historia nzima ya mradi, siyo kipande. Unaweza kukomiti ukiwa kwenye matatu kati ya Katito na Kendu Bay bila hata chembe ya mtandao, ukasukuma ukifika.

Na intaneti si lazima. Sisi tulianza na kompyuta kuukuu pale ofisini, ikiwa kwenye waya mmoja na zetu, tukafungua repo tupu kwa `git init --bare`. Hata flashi inaweza kuwa repo hiyo, safari hii ikibeba historia kamili, na Git ikikataa kukuruhusu ufunike kazi ya mwenzako bila kuivuta kwanza. Mko mbali kabisa? Kuna `git bundle`, inafunga komiti zako kwenye faili moja ambalo unaweza kulituma kwa njia yoyote, na anayelipokea analivuta kama repo.

Kuhusu stima: iliwahi kukatika katikati ya komiti, na kompyuta ya mezani ilipowaka repo ikakataa kufunguka, baadhi ya mafaili ya ndani yalikuwa na ukubwa wa sifuri. Nilitetemeka. Halafu nikakumbuka kuna nakala tatu nyingine kamili chumba hichohicho. Nikanakili repo kutoka laptopu ya jirani yangu, kazi niliyopoteza ikawa ya dakika ishirini.

Kwa wenye bando: GitHub, tovuti ya kuhifadhi repo mtandaoni, tangu Aprili 2020 inaruhusu repo za faragha bila malipo na bila kikomo cha wachangiaji. Tangu Agosti 2021 haikubali nywila ya kawaida unaposukuma kwa HTTPS, tengenezeni ufunguo wa SSH au tokeni, yaani vitambulisho maalum vinavyochukua nafasi ya nywila. Hapo wengi hukwama siku ya kwanza na kudhani wamekosea.

#12 Mchangiaji, Nakuru

Mgongano ukitokea mnafanyaje? Mimi hufuta yote na kunakili upya.

#13 Mleta uzi, Kisumu

Usifute ndugu. Ngoja nikuonyeshe mmoja wa kwetu, kama ulivyoonekana kwenye kioo:

```
<<<<<<< HEAD
$malipo = round($jumla);
=======
$malipo = floor($jumla);
>>>>>>> senti
```

Juu ya mstari wa katikati ni kilichoko kwenye tawi ulilosimama, chini ni kinacholetwa. Mimi niliandika senti zikadiriwe hadi shilingi iliyo karibu zaidi. Mwenzangu, kwenye tawi lake la `senti`, aliandika zikatwe. Git imesimama kwa sababu wote wawili tumegusa mstari mmoja tangu tulipoachana, na haina haki ya kuchagua.

Jaribu la kwanza ni kubishana nani yuko sahihi. Tulibishana kidogo. Kisha tukampigia mhasibu wa chama. Akasema, "Senti za mkulima hazipotei, zinaingia mwezi ujao." Kumbe wote wawili tulikosea, na makosa yote mawili yangeishi kwenye mfumo kama si alama zile zilizotulazimisha kuuliza. Tukaandika mstari wa tatu, tukafuta alama, tukajaribu kwa kadi za wakulima kumi, tukakomiti, na maneno ya mhasibu tukayaweka kwenye ujumbe.

Angalizo: Git ikiunganisha bila mgongano haina maana kwamba hesabu ni sahihi. Inalinganisha maandishi tu. Majaribio ni juu yenu.

Kuna mgongano mmoja wa bure utakaokusumbua. Mwenzako ana Windows, wewe una Ubuntu, amebadilisha mstari mmoja lakini Git inasema faili zima limebadilika. Hiyo ni tofauti ya alama za mwisho wa mstari. Wekeni faili la `.gitattributes` lenye `* text=auto` mapema.

Na matawi yawe mafupi. Sisi tulianza kuyatumia mwezi wa pili. Tawi likikaa siku mbili tunaanza kuuliza, likikaa wiki tunakaa chini na mwenyewe tuligawe. Kabla ya kuingia kwenye shina, mwenzako mmoja lazima aisome kazi yako. Ukimpa mistari hamsini ataisoma kweli. Ukimpa elfu mbili, atasema "iko sawa" akiwa hajasoma.

#14 Mchangiaji, Kisii

Nisaidieni haraka, nimeandika `git reset --hard` na kazi ya jana yote imepotea!!

#15 Mleta uzi, Kisumu

Tulia, usiendelee kuandika amri nyingine. Je, ulikuwa umekomiti jana? Kama ndiyo, andika `git reflog`. Utaona orodha ya kila mahali ulipokuwa umesimama. Tafuta ile ya jana, chukua herufi na tarakimu zilizo mwanzoni mwa mstari wake, kisha `git branch okoa` ukifuatisha herufi hizo. Komiti isiyoshikwa na tawi lolote hukaa kwenye kumbukumbu hiyo kwa kawaida siku 30, haifutwi papo hapo. Kama hukuwa umekomiti, pole, hiyo Git haikuwahi kuiona.

#16 Mchangiaji, Kisii

Imerudi! Mungu akubariki.

#17 Mchangiaji, Eldoret

Nilitaka kuuliza kuhusu funguo za Daraja, ule mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Tunaziweka wapi? Ziko kwenye faili la mipangilio.

#18 Mleta uzi, Kisumu

Zitoe humo leo hii. Faili lenye funguo za M-Pesa na nywila za hifadhidata liandikwe kwenye `.gitignore`, orodha ya mafaili ambayo Git isiyachukue, kabla ya komiti ya kwanza. Ndani ya repo weka faili la mfano lenye majina tu, bila thamani.

Kama zimeshaingia kwenye komiti, kufuta faili na kukomiti tena hakusaidii, komiti ya zamani bado inazo, na kila aliyenakili repo anazo. Sisi lilitupata. Repo ilikuwa ya faragha, tukajiona salama, mpaka kijana wa mafunzo aliponakili mradi kwenye akaunti yake ya wazi ili aonyeshe kazi anayofanya. Hakuwa na nia mbaya. Dawa ya kweli ni moja: batilisha funguo hizo na utoe mpya, siku hiyohiyo. Kusafisha historia kunafuata baadaye.

Na tafadhali sana msikomiti nakala ya hifadhidata yenye majina, namba za simu na vitambulisho vya wateja "ili wenzangu wajaribie". Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihusu timu ndogo kama inavyoihusu kubwa. Data ya watu ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, kampuni au chama kinachoisimamia data hiyo kinatakiwa kimjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kijue. Tengenezeni wakulima wa kubuni. Sisi tunao arobaini, wenye ng'ombe na madeni yao.

#19 Mchangiaji, Kakamega

Tangu mhame, kuna siku imewalipa kweli? Mfano mmoja tu nimpelekee bosi wangu.

#20 Mleta uzi, Kisumu

Ipo. Mwezi wa nne mwaka jana karani alipiga simu saa mbili asubuhi: ripoti ya lita za jioni inahesabu siku moja mara mbili. Hakujua ilianza lini. Tulikuwa na komiti kama mia tatu tangu mara ya mwisho tuliyokuwa na hakika kwamba ripoti ni sahihi.

Tukatumia `git bisect`. Unaiambia komiti hii ilikuwa nzima, hii ni mbovu. Inakupeleka katikati, unajaribu, unajibu nzima au mbovu, inakata nusu tena. Komiti 300 zinahitaji majaribio kama tisa, na hata elfu moja ni kama kumi tu. Jaribio la tisa likaangukia komiti ya wiki tano nyuma, iliyobadilisha saa ya kufunga siku. Ilikuwa yangu mimi. Ujumbe ulieleza sababu, kwa hiyo tulijua tunachokivunja tukiiondoa. `git revert` (komiti mpya inayotengua ile), majaribio, mwenzangu akasoma, ikaingia kwenye shina, seva ikavuta. Saa nne kasoro robo karani alithibitisha.

Mpelekee bosi wako hesabu hiyo: siku mbili za mwaka 2021, na chini ya saa mbili za mwaka jana, watu walewale na mfumo uleule.

#21 Mchangiaji, Bungoma

Mleta uzi, mimi ndiye wa kushika sehemu yangu. Nimewasomea wenzangu uzi huu, tumefungua repo usiku huu kwenye kompyuta ya ofisi. Tumesukuma wa kwanza na wa pili, wa tatu amekataliwa. Imeandika `rejected`, na rafiki ananiambia niweke `--force`. Niweke?

#22 Mleta uzi, Kisumu

Usiweke. Imekataa kwa sababu wenzako wawili wana kazi ambayo wewe huna, na ukilazimisha utaifuta pale kwenye repo. Vuta kwanza. Ukiona alama kama zile za #13, usizifute kabla ya kusoma pande zote mbili, na mwenye upande wa pili awe ameketi kando yako. Tuma hapa maneno yote yanayotokea kwenye kioo. Niko macho hadi saa tano.